Fimbo ya Waya wa Shaba

Mwaka ule tulikula ndiga, na ndiga ilipoadimika tukala unga wa njano wa mahindi ya kigeni. Asiyewahi kula ndiga hajui ninachosema, basi nimweleze. Ni kiazi cha porini, kina mizizi kama ndevu, na ndani kina sumu. Unakichimba, unakimenya, unakikata vipande vyembamba, unavitia kwenye kikapu na kuvilaza mtoni maji yapite juu yake siku tatu, wengine siku nne. Ukiwa na haraka, ukavitoa siku ya pili kwa sababu watoto wanalia, utawalisha, watalala, na hawataamka. Jirani yetu pale Handeni alifanya haraka. Asubuhi tulimkuta amekaa mlangoni na kile kikapu mapajani. Mimi nilikuwa na miaka kama kumi na minne, na tangu siku ile kila nilichotia mdomoni nilikitafuna huku nikisikiliza ulimi wangu kama unakufa ganzi. Leo watu wananiona bibi mkali. Wajukuu wananiamkia shikamoo wakiwa mbali, wanadhani nilizaliwa hivi. Sikuzaliwa hivi. Mwaka ule niliogopa kila kitu, na ninachotaka kusimulia ni namna nilivyoogopa, kwa sababu mengine yote watu wameshayasema bila kuniuliza.

Mwezi uliopita tulimzika Zaina kule Korogwe. Zaina ni binti wa mjomba wangu Mhina, na mwaka huo wa unga wa njano nililala naye mkeka mmoja. Matanga yalipokwisha, mjukuu wake mmoja, msichana mrefu anayeuza vocha stendi, alinivuta kando akanipa kifundo cha kitambaa. "Bibi, marehemu alisema hiki ni cha Mwanahawa wa Handeni. Alisema nikukabidhi mkononi, na nikwambie wewe ni mkaidi." Nikafungua. Ilikuwa chaki ya buluu, ndogo, ya pembe nne, katikati imechimbika shimo kwa kusuguliwa na ncha ya fimbo. Nikatafuta kiti. Vijana waliokuwa wanapanga viti vya kukodi wakaiona. "He, Bibi! Hiyo si chaki ya puli? Bibi anacheza puli!" Mwingine akasema, "Mwacheni, labda anatafunia tambuu." Nikawajibu kwamba kabla baba zao hawajazaliwa nilikuwa naupinda mpira ukazunguka mwingine na kurudi nilipotaka. Walicheka mpaka mwenye msiba akatoka kuangalia kuna nini. Basi naandika. Niliishia darasa la pili, na ninaandika kama ninavyosema. Anayetaka Kiswahili cha redio awashe redio.

Mama aliniambia hivi: "Nenda Korogwe kwa mjomba wako. Kule shamba la mkonge wanapewa posho ya unga. Kula kwake, na posho atakayoweza kuipunguza aniletee." Hakusema zaidi. Nilipanda lori la mkonge, nikashushwa njia panda, nikaifuata harufu. Aliyekaa kwenye mkonge anaijua ile harufu ya makapi yanayooza nyuma ya mashine ya korona, ile inayokwangua majani. Inaingia kwenye nguo, inaingia kwenye ugali. Mjomba Mhina hakuwa mkata mkonge. Alikuwa na kazi moja ambayo kambi nzima waliionea wivu na kuicheka kwa pamoja: alikuwa mtu wa meza ya biliadi kwenye klabu ya Wazungu. Walimwita Maka. Maka ndiye mwenye meza. Anaisugua, anaipiga pasi, anaijaribu, anawahesabia pointi wakicheza, na bwana mkubwa wa shamba akikosa mwenzake, Maka hushika fimbo akacheza naye. Kwa kazi hiyo alipewa chumba chenye sakafu ya saruji, na posho ya juu kuliko ya mkata mkonge. Chumba kilikuwa kimoja, katikati pazia la gunia. Upande mmoja mjomba, upande mwingine mimi na Zaina na sufuria. Jioni ya kwanza Zaina alipakua ugali wa njano, mgumu, una harufu ya gunia, na mlenda mwembamba. "Wanasema ni chakula cha farasi wa Ulaya," akaniambia. "Ukisikia unataka kukimbia, fungua mlango kwanza." Nilicheka na nikala, na ulimi haukufa ganzi. Nikalia. Zaina akasema, "Sasa huyu ameletwa kula au kutia chumvi?"

Siku ya tatu nikagundua. Mjomba alikuwa anamimina chai, na chai ikamwagika kando ya kikombe, kidogo tu, na yeye hakuona, akaendelea kumimina mpaka Zaina akasogeza kikombe chini ya birika. Alisogeza bila kusema, kama mtu aliyezoea. Nikamtazama mjomba usoni kwa mara ya kwanza sawasawa. Katikati ya kila jicho palikuwa na wingu, kama maji ya kuoshea mchele. Akasikia nimenyamaza. "Umeshaona," akasema. "Ndiyo, mjomba." "Basi kaa kitako." Akaniambia mambo kwa sauti ya chini, Zaina akiwa amesimama mlangoni anazuia watu. Alisema anaona watu, anaona meza, anaona mpira mwekundu kama ukiwa karibu. Ile mipira miwili myeupe ndiyo inayomshinda, kwa sababu mmoja ni mweupe mtupu na mwingine una nukta nyeusi, na nukta ile haioni tena. Bwana akijua, kazi imekwisha. Kazi ikiisha, chumba kimekwisha, posho imekwisha, na mama yangu Handeni anarudi kwenye kikapu cha mtoni. "Zaina hawezi kuingia klabu, bwana amekataa wasichana wakubwa," akasema. "Wewe ni mdogo, mwembamba. Nitasema nimekuleta ufagie. Utakuwa macho yangu." Mtoto wa watu nifanywe macho! Mimi niliyekuwa naogopa kivuli cha jogoo.

Ile klabu naiota mpaka leo. Mapazia mazito yaliyofungwa mchana ili jua lisile kitambaa cha meza, harufu ya nta ya sakafu na sigara, na juu ukutani vichwa vya wanyama, nyati na pofu na mmoja nisiyemjua, macho yao ya kioo yananifuata nikifagia. Katikati ndiyo meza yenyewe, kubwa kama kaburi la familia nzima, miguu minene kuliko kiuno changu, juu jiwe, na juu ya jiwe kitambaa cha kijani. Mjomba alinishika mkono akauweka juu ya kitambaa. "Huyu ndiye bwana mkubwa. Yule mwingine anakuja na kuondoka. Ukimchana huyu, hata tukiuza shamba la Handeni hatulipi." Ukutani palikuwa na rafu ya fimbo. Ya mwisho kulia ilikuwa yake, ya zamani, mkiani imezungushiwa waya wa shaba mahali ilipopasuka. Nilinyoosha mkono niifute vumbi. Akanipiga kwenye kifundo cha mkono, si kwa nguvu, lakini alinipiga. "Hii hapana. Zote futa, hii hapana. Siku mkimwona mtu mwingine ameishika, jueni mimi nimekufa, mkachimbe kaburi." Kisha akacheka ili nisiogope, nami nikaogopa zaidi.

Kitambaa kile kina manyoya, mafupi sana, yamelala upande mmoja kama ya paka. Yamelala kutoka upande wa kuanzia mchezo kwenda upande wa mpira mwekundu. Burashi unaivuta kuelekea huko huko. Pasi nayo hivyo hivyo. Unaivuta mpaka mwisho, unaiinua, unarudi mwanzo, unaivuta tena. Haikuwa pasi ya mkaa, maana cheche moja tu ingetutia jela. Ilikuwa chuma kizito, unakitia moto jikoni, unakijaribu juu ya gazeti, gazeti likibadilika rangi unasubiri. Baada ya pasi meza lazima ijaribiwe kwa mpira, kabla bwana hajafika saa kumi. Mpira ukienda polepole kwenye manyoya unasema kila kitu kilichoharibika. Hapo ndipo mjomba alipokuwa amekwama. Mkono wake ulikuwa bado unapiga vizuri, lakini mpira ukifika mbali haoni umekwenda wapi. Kwa hiyo ilibidi mimi nipige na mimi niangalie na mimi niseme. Alinipa fimbo fupi iliyokatika, ambayo Wazungu hawakuitaka, nami nikajifunza biliadi si kwa ajili ya mchezo, jamani. Nilijifunza kama mtu anavyojifunza kuonja chumvi.

Alichukua mpira mweupe akauchora uso kwa chaki: macho mawili, pua, mdomo. Nikarudi nyuma. Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani alituambia anayechora uso, siku ya kiyama ataambiwa autie roho. "Mjomba, dhambi." "Dhambi yangu. Piga pua." Nilipiga pua. Mpira ukaenda moja kwa moja, ukagusa ukingo wa mbali, ukarudi nilipo. Siku kumi alinipigisha pua tu. Kisha akasema, "Sasa piga jicho la kulia." Sikuweza. Nilikuwa nimeinama, fimbo iko tayari, na aliyesimama mbele yangu ni mtu ambaye macho yake yanamwishia. Fimbo ikawa inagonga ukingo, ko ko ko. Akajua. "Mwanahawa, ni mpira. Hauumii. Piga jicho." Nikapiga, nikavuka jicho nikapiga sikio, ncha ikateleza ikachimba kitambaa. Nilidhani nimekichana. Nilianguka chini nikakumbatia mguu wa meza. Mjomba alipapasa pale mahali kwa vidole, taratibu, taratibu, mimi niko chini nasoma kila aya niliyoijua. "Kimekwaruzika tu," akasema. "Inuka. Na usishike fimbo kama mwiko wa ugali. Ishike kama mwiko wa uji."

Nikaelewa kidogo kidogo. Ukipiga jicho la kulia, kwanza mpira hukwepa kidogo upande wa kushoto, kama mtu aliyechomwa jichoni, halafu unazunguka wenyewe kwa wenyewe, na ukigusa ukingo wa mbele haurudi ulikotoka, unakata kulia. Mjomba aliita hiyo ubavu. Vijana wa puli nimewasikia wanaiita saidi. Ni kitu kile kile. Ugumu uko kwenye mwendo wa polepole. Mpira wenye ubavu wa kulia, ukiwa unakwenda na manyoya, utapinda kulia. Ukiwa unarudi dhidi ya manyoya, ubavu ule ule wa kulia unaupinda kushoto. Niliposikia hivyo nilisema mjomba anachanganyikiwa. Akaniambia nifumbe macho niweke kiganja juu ya kitambaa, nikivute huku, kisha nikirudishe huku. Kwenda, hariri. Kurudi, shingo ya mbuzi. Basi nikajua. Tangu hapo mkono wangu ulikuwa unaongea na fimbo kabla kichwa hakijafika. Nilipiga, mpira ukaenda, nikasema, "Umekwenda kulia upana wa kidole," naye akasema, "Kidole gani?" nikasema, "Cha mwisho," akasema, "Vizuri, meza iko sawa." Saa kumi bwana akija, nilisimama kwenye kona na ufagio. Mpira wa mjomba ukiwa wa karibu, nilikohoa mara moja. Ukiwa wa mbali, mara mbili. Zaina akaniuliza kwa nini nakohoa hata usingizini.

Bwana mwenyewe tulimwita Bwana Taratibu. Hakupiga mtu, hakutukana. Alikuwa na sauti ya chini, na kila jambo alisema taratibu. Wengine wanaogopa bwana anayefoka. Mimi sijaona wa kutisha kama yule. Nyapara mmoja aliulizwa siku moja, "Wewe choka? Taratibu, kwenda pumzika," na kumbe ndiyo amefukuzwa, alifika nyumbani akakuta mtu mwingine anaingiza kitanda. Alhamisi moja nilikuwa chini ya meza nasugua miguu kwa nta. Viatu vikaingia, viwili vyeupe na viwili vya nyapara mkuu, Mzee Athumani. Nikajikunja. "Athumani," akasema Bwana Taratibu, "Maka macho yake mzuri?" Mzee Athumani akajibu, "Sijui, bwana. Ni mtu mzima." "Jumamosi rafiki yangu kuja. Mimi tajaribu Maka. Yule toto ya kikohozi kaa nje." Viatu vyeupe vikatoka. Viatu vya Mzee Athumani vikabaki, kisha nikamsikia akisema, bila kuinama, "Umesikia, mwanangu. Mwambie." Naye akatoka.

Hapa niseme mapema yaliyotokea, ili asiyependa kungojea aende zake. Tulirudi Handeni watu watatu, mjomba, Zaina na mimi, kwa miguu, tukiwa na unga wa siku chache. Mwaka mzima Zaina hakunisemesha. Akinipa maji aliyaweka chini, nikayaokota. Chaki niliyotoka nayo klabu aliichukua, na alipoolewa Korogwe akaenda nayo. Watu walisema mimi ndiye niliyewaondoa kwenye chumba cha saruji, kwamba mtoto akipewa mkate akautupa ni wa kuombewa dua. Tuliingia tena porini kuchimba ndiga, na mimi ndiye niliyekaa mtoni kuhesabu siku, hakuna aliyethubutu kuniambia haraka. Nyumbani kwetu hatukuzika mtu. Lakini nisijisifu, mvua iliwahi, na ingechelewa mwezi mmoja leo nisingekuwa naandika kwa kichwa kilichoinuka. Nimelifikiria jambo hili miaka mingi, nikipepeta mchele, nikingojea daktari, na sijawahi kusema nilikosea. Lakini sijawahi kusema pia kwamba sikuwaogopesha watu wangu. Zaina alikuwa na haki ya kuniwekea maji chini.

Jumamosi ile nilipiga pasi nikiwa peke yangu. Mjomba nilikuwa nimemwambia, naye alikuwa ameoga, amevaa kanzu yake nyeupe, amekaa chumbani. Chuma kilikuwa tayari, gazeti lilikuwa halijabadilika rangi. Nikaanza vizuri. Lakini masikio yangu yalikuwa mlangoni. Kila kitu kilikuwa viatu vyeupe. Mlio wa troli la mkonge kwenye reli, viatu vyeupe. Dirisha likigonga, viatu vyeupe. Nilifika upande wa kushoto wa meza, nikavuta pasi mpaka mwisho, na badala ya kuiinua nikairudisha. Kama shati! Kama mtu anayepiga pasi shati la mumewe, kwenda na kurudi. Mara ngapi, sijui. Wala sikujua kama nimefanya, kwa sababu nilikuwa nalia na kufuta machozi kwa bega yasidondoke kwenye kitambaa. Na siku hiyo, kwa mara ya kwanza, sikujaribu meza. Lori la mgeni lilikuwa limeshasimama nje.

Nikatolewa. Nilisimama kwenye baraza, jicho kwenye upenyo wa dirisha, pazia halikufika mwisho. Walikuwa watatu mle ndani: Bwana Taratibu, mgeni wake mnene kutoka shamba jirani, na mjomba wangu kasimama kando ya ubao wa kuhesabia, mkono kifuani kama anaswali. Fimbo ya waya wa shaba ilikuwa bado kwenye rafu. Bwana Taratibu alianza kucheza na mgeni. Akainama upande wa kushoto wa meza, mpira mwekundu ukiwa mbali, akapiga polepole, ubavu wa kulia, nikauona mkono wake. Mpira ulipaswa kupinda kulia uuguse mwekundu. Ukapinda kushoto, ukaenda zake kama mtu aliyenuniwa. Mgeni akacheka. Bwana akaangalia ncha ya fimbo, akapaka chaki, akarudia. Ukaenda kushoto tena. Masikio yake yakawa mekundu. Na mimi hapo barazani ndipo nilipojua. Mkono wangu ndio uliojua kwanza, ukakumbuka ile pasi ikienda na kurudi. Mkojo ulinitoka. Naandika hivyo hivyo, maana ndivyo ilivyokuwa.

"Meza mbaya, Maka," akasema Bwana Taratibu kwa ile sauti. Mjomba akasogea. Akaweka kiganja kwenye ukingo, akashuka nacho kwenye kitambaa, akatembea nacho pole pole upande wa kushoto, uso ameuinua juu kama anasikiliza mtu wa mbali. Akasimama. "Bwana, hapa manyoya yamelala kinyume. Upana wa pasi mbili. Kutoka hapa mpaka hapa." Bwana akainama, akatazama, akaleta taa, hakuona kitu. Mgeni naye akatazama, hakuona kitu. Akapitisha mkono alipoelekezwa, akatikisa kichwa, akasema jambo kwa Kiingereza, na mara hiyo hakucheka. Mle ndani mjomba wangu, mwenye mawingu machoni, ndiye peke yake aliyeiona meza. "Nani piga pasi hii?" akauliza Bwana Taratibu. Mjomba akajibu bila kungoja, "Mimi, bwana. Nimezeeka mkono."

Sijui nani alinisukuma. Miguu ilikuwa imelowa, lakini nilijikuta nimeshika kitasa, niko ndani, nyati ananitazama. "Ni mimi," nikasema. Mjomba akafumba macho. Bwana Taratibu akanigeukia, hakukasirika, na hiyo ndiyo iliyonitisha. "Toto piga pasi. Sawa. Na nani jaribu meza kila siku?" "Mimi," nikasema. Akaweka mpira mweupe pale pale palipomshinda, akaninyooshea mkono kuelekea mezani. "Onyesha." Nikatafuta fimbo yangu fupi kwenye pipa la mafagio. Nikapaka chaki, hii hii ninayoandika ikiwa mbele yangu. Nikainama. Mahali pale kila kitu kilikuwa kimegeuka, kwenda kumekuwa kurudi, basi aliyetaka kulia lazima apige kushoto. Nikauona uso wa chaki ingawa siku hiyo haukuchorwa. Nikapiga jicho la kushoto, kwa mkono wa uji. Mpira ukaondoka kama hautaki, ukafika katikati, ukaanza kuinama kulia, ukainama, ukainama, ukamgusa mwekundu begani. Tii. Mgeni akapiga makofi. Mjomba aliusikia ule mlio, akanigeukia.

Bwana Taratibu hakupiga makofi. Alichukua mipira miwili myeupe akaiweka mbele ya mjomba, kando kwa kando. "Maka. Mpira yenye nukta, gani?" Nilikuwa na kikohozi kooni. Bwana alinyoosha kidole kimoja kunielekea bila kunitazama, na kikohozi kikafa. Mjomba hakubahatisha, ingawa angeweza kupatia. Aliiacha mikono yake ikaning'inia. "Siioni, bwana," akasema. "Mwaka wa pili huu siioni." Bwana akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa saa. Akaenda kwenye rafu. Akapita fimbo zote, akafika ya mwisho kulia, akaitoa, ile yenye waya wa shaba, akaja nayo akaninyooshea. "Wewe Maka sasa. Chumba yako. Posho yako, yote, kama ya mzee. Mzee kwenda Handeni, taratibu, pumzika." Waya ulikuwa unang'aa pale uliposuguliwa na kiganja cha mjomba miaka yote. Ningeweza kuugusa kwa kunyoosha kidole. Nilimwona mama na kikapu. Niliusikia ulimi wangu unakufa ganzi, wallahi niliusikia. Nikaweka fimbo yangu fupi juu ya ukingo, mikono nikaipeleka nyuma ili isije ikanisaliti, nikasema, "Fimbo ya mjomba wangu siishiki, naye yupo."

Mgeni akauliza nimesema nini. Bwana Taratibu akangoja, bado ameninyooshea, anadhani mtoto hakuelewa. Ndipo mjomba aliponijia, akipapasa ukingo wa meza mpaka akanifikia, akanishika bega. Mkono wake ulikuwa wa moto. "Mwanahawa. Mwanangu. Nilisema upuuzi siku ile, ilikuwa mzaha. Shika. Mama yako ana njaa. Mimi mjomba wako ndiye ninayekwambia, shika hiyo fimbo." Hakuna aliyewahi kuniomba kitu kwa sauti ile, wala tangu siku hiyo sijaombwa tena hivyo. Nikamtazama kwenye yale mawingu, nikitamani anione, nikamjibu yeye sasa, si bwana.

"Fimbo ya mjomba wangu siishiki, naye yupo."